Sera ya barua pepe: isomwe kwanza, isainiwe baadaye

Dada, umeuliza utawabanaje wafanyakazi ishirini waliozoea kutuma ankara za wateja kwa barua pepe zao binafsi. Usianze na kubana, anza na kikao.

Ofisi niliyofanyia kazi pale Posta, sera ilikuja kurasa kumi na moja za Kiingereza, tukaambiwa tusaini kabla ya saa sita. Dereva alisaini, mhudumu alisaini, na mimi sikufika ukurasa wa tatu. Miezi michache baadaye keshia akalipia mzigo wa bandarini kwenye akaunti ya tapeli. Anwani ya barua pepe iliyoleta akaunti hiyo ilikuwa kama ileile ya wakala wetu, ila herufi l imegeuzwa tarakimu 1. Akafukuzwa. Iliniuma sana, maana hakuna aliyewahi kumwonyesha kitu kama hicho.

Andika kwa Kiswahili, kurasa mbili zinatosha. Hili liwe kwa herufi nzito: namba ya akaunti ikibadilika, piga simu kwa namba mliyokuwa nayo tangu zamani, siyo iliyo kwenye ujumbe.

Kuhusu adhabu, kesi ikifika CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya Tanzania inayoshughulikia migogoro ya kazi, mtaulizwa kama kanuni ilikuwa wazi, kama mfanyakazi aliijua, na kama inatumika kwa wote. Ndivyo zinavyosema kanuni za utendaji bora katika ajira za mwaka 2007. Hilo la mwisho ndilo gumu, bosi akiwa bado anatumia Gmail yake. Na kama mtakagua barua pepe zao, waambieni mapema, kwa maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inawagusa waajiri pia.