Geji inasoma vizuri, ukifungua koki maji yanakuja kinyonge: hesabu yake iko hivi

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: tenki liko mita 12 juu ya koki, bomba la plastiki lenye kipenyo cha ndani cha milimita 20 linakwenda mita 150, na unataka nusu lita kwa sekunde. Koki ikifungwa geji (kipima presha) inasoma karibu ba 1.2, ikifunguliwa maji yanakosa nguvu. Mmoja kakushauri uweke tenki kubwa zaidi, mwingine kakwambia uweke bomba jembamba ili presha ipande. Wote wawili wasubiri kidogo.

Hiyo ba 1.2 ni presha ya maji yaliyosimama. Kila mita 10 za kimo ni kama ba 1 (0.98 ukitaka usahihi), kwa hiyo mita 12 zinakupa hicho hicho unachokisoma. Ujazo wa tenki haumo kabisa kwenye hesabu: lita elfu moja au elfu kumi, kimo kikiwa kilekile presha ni ileile. Hata kipenyo cha bomba hakimo, maana maji yasiyotembea hayana msuguano. Ungekuwa na bomba la milimita 6, geji bado ingekusomea 1.2. Nimekuta watu wengi kwenye kazi hizi wanaipima laini yao koki zote zikiwa zimefungwa, kisha wanashangaa.

Sasa tuyatembeze maji. Mimi natumia kanuni ya msuguano ya Darcy-Weisbach kwa sababu inafanya kazi kwa maji, mafuta na kimiminika kingine cha kawaida: hasara ya kimo (mita zinazoliwa na msuguano) = f × (L/D) × v²/2g, ambapo f ni kigezo cha msuguano, L urefu wa bomba, D kipenyo cha ndani, v mwendo wa maji na g mvutano wa dunia. Kanuni nyingine, Hazen-Williams, ni ya mkato na kwa maji haina ubaya, ila usiipeleke kwenye mafuta.

Nusu lita kwa sekunde ndani ya milimita 20 ni mwendo wa mita 1.59 kwa sekunde. Namba ya Reynolds, inayoonyesha kama maji yanatembea kwa utulivu au kwa vurugu, inatoka karibu 32,000, yaani mtiririko wa vurugu (ule mtulivu unaishia kwenye 2,000 na kitu hivi). Kwa bomba laini la plastiki, kanuni ya Blasius, 0.316 ikigawanywa kwa kipeuo cha nne cha Reynolds, inakupa f ya 0.0237. L/D ni 7,500. v²/2g ni 0.129. Zidisha zote: mita 22.9.

Una mita 12, bomba linadai karibu 23. Haliwezi kupitisha nusu lita. Litashuka hadi mahali ambapo deni linalingana na ulichonacho, kama lita 0.35 kwa sekunde ukipuuza elbo na valvu, na hapo mwishoni presha imebaki karibu sifuri. Ndiyo hayo maji ya kinyonge unayoyaona.

Rudia hesabu ileile kwa milimita 25: hasara inashuka hadi mita 7.9. Kwa 32: mita 2.5 tu. Tazama hiyo, milimita tano za nyongeza zimekata deni karibu mara tatu. Kwa mtiririko uleule hasara inashuka kipenyo kikipanda, tena kwa kipeo cha karibu tano, wakati urefu inaufuata moja kwa moja tu. Kwa hiyo mtu anayehangaika kufupisha laini kwa mita kumi huku akibaki na bomba lilelile anajichosha bure.

Elbo na valvu: kila kimoja kina K yake (namba ya upinzani wake), unajumlisha halafu unazidisha kwa v²/2g. Mlango wa tenki 0.5, elbo sita za uzi 0.9 kila moja, valvu ya geti iliyo wazi 0.2, valvu ya globu kama 10. Jumla 16, na kwa bomba la 25 ni mita 0.85. Valvu ya globu peke yake imekula zaidi ya nusu! Kwenye laini ndefu kama yako hizi ni chenji, kwenye laini fupi ya chumba cha pampu ndizo zinazotawala.

Usikubali kubadilishiwa plastiki kwa chuma cha zinki bila kurudia hesabu. Ukwaru wake ni kama milimita 0.15 kikiwa kipya, f inaruka hadi 0.036, na bomba la 25 lililokuwa linadai mita 7.9 sasa linadai 11.3. Kikishika kutu ni habari nyingine.

Kuhusu huyo wa bomba jembamba: amemwona mtu akiziba mdomo wa mpira kwa kidole gumba, maji yakaruka mbali. Anachokiona ni kweli, anachokieleza siyo. Kidole kinapunguza mtiririko, mwendo ndani ya mpira mzima unashuka, msuguano unapungua, na kimo kilichokuwa kinaliwa njiani kinafika hadi kwenye kidole. Wembamba ni wa sentimita moja mwishoni. Ukiufanya wa mita 150 umeongeza kile kile kinachokuibia.

Kitu kimoja hujakitaja: umbo la ardhi katikati. Tuseme laini inapanda kimlima nusu ya njia, mita 9 juu ya koki. Kwa bomba la 25, ukifika pale umeshapoteza kama mita 4 kati ya 12, zimebaki 8, na bomba liko kwenye 9. Presha pale iko chini ya ile ya hewa: hewa iliyoyeyuka inatoka ndani ya maji, kiungo kinacholegea kinavuta ya nje, na mtiririko unakwamakwama. Kwa 32 umepoteza mita 1.2 tu, zimebaki 10.8, huna tatizo.

Kwa hiyo kama kimlima kipo, laza 32 mpaka ukivuke na umalizie na 25 ukitaka kuokoa. Nusu kwa nusu ni mita 5.2 za msuguano, unabaki na karibu 7 kwa ajili ya elbo na koki. Tupe vimo vya ardhi kila baada ya mita 25 hivi, tuone kama 25 inaweza kuanza mapema zaidi.