Kamati ya wanasayansi inamlindaje nyangumi, na fisi maji wetu anafaidikaje?

SWALI: Kwenye semina ya uvuvi tuliambiwa kwamba nyangumi na pomboo hulindwa kwa ushauri wa kamati za wanasayansi. Kamati inakaa mezani na mnyama yuko majini, sasa inamlinda vipi? Huku kwetu fisi maji (mamalia wa majini anayekula samaki) wananasa kwenye makila, yaani nyavu za kunasa samaki, na kufa. Tunataka kuunda kikundi cha kuishauri halmashauri. Tuanzie wapi? (Katibu wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni, Ilemela, Mwanza)

JIBU: Ndugu katibu, kamati humlinda mnyama kwa vitu viwili: namba inayohesabika, na sheria inayomlazimisha mwenye mamlaka kuijibu namba hiyo. Kimoja kikikosekana, kinachobaki ni posho za vikao.

Tuanze na hilo la kujibu, maana ndilo husahaulika. Sheria ya Marekani ya mwaka 1972 ya kuwalinda mamalia wa baharini iliunda tume ya makamishna 3, ikaipa kamati ya washauri 9 wa kisayansi. Taasisi ya serikali kuu isipofuata pendekezo la tume, inatakiwa ieleze sababu zake kwa kina ndani ya siku 120. Tume haina askari wala boti ya doria, lakini barua yake haiwezi kufia kabatini.

Namba nayo ina kanuni yake. Mwaka 1994 sheria hiyo ilirekebishwa, vikaundwa vikundi vitatu vya wanasayansi: Alaska, Pasifiki na Atlantiki. Kazi yao ni kukagua taarifa ya kila kundi la wanyama: wako wangapi, wanakufa wangapi mikononi mwa binadamu, na kikomo cha vifo ni kipi. Kikomo hupatikana kwa kuzidisha mambo matatu: makadirio ya chini ya idadi, nusu ya kasi ya juu kabisa ya kuongezeka, na kigezo cha tahadhari. Kwa nyangumi na pomboo, pasipo takwimu za kundi lenyewe, kasi huchukuliwa kuwa 0.04 kwa mwaka, kwa hiyo nusu yake ni 0.02. Kigezo cha tahadhari ni 0.1 kwa walio hatarini kutoweka, na hupanda hadi 1 kwa walio salama.

Chukua pomboo waliokadiriwa 1,000. Kama hesabu ilifanywa kwa haraka na kosa lake sanifu (kipimo cha mashaka ya hesabu) ni nusu ya makadirio, kanuni inatoa makadirio ya chini ya 672. Zidisha kwa 0.02, kisha kwa kigezo cha 0.5: unapata 6.7. Wanyama ni walewale 1,000, lakini wakihesabiwa vizuri zaidi, kosa likashuka hadi 20%, makadirio ya chini yanakuwa 846 na kikomo kinapanda hadi 8.5. Hapo ndipo penye akili ya kanuni hii: anayelipia mashaka ni mvuvi, si mnyama. Mwenye nyavu mwenyewe ataanza kudai hesabu bora. Tena hesabu iliyopita miaka 8 haitumiki, kwa hiyo hakuna atakayejificha nyuma ya takwimu za zamani.

Mambo huharibika wapi? Mara nyingi si kwenye sayansi. Mfano unaouma ni vakita, mnyama mdogo wa jamii ya nyangumi anayeishi Ghuba ya California nchini Meksiko tu. Mwaka 1997 walikadiriwa kuwa 567. Kamati ya kimataifa ya kumnusuru ilitaka tangu mikutano yake ya mwanzo kwamba nyavu za kunasa ziondolewe kwenye makazi yake. Mwaka 2014 ikasema wamebaki chini ya 100. Marufuku ya nyavu ikaja mwaka 2015, ya miaka miwili, huku uvuvi haramu wa samaki aitwaye totoaba ukiendelea kwa nyavu za kunasa. Kufikia 2016 walikuwa kama 30. Kamati haikukosea, kilichokosekana ni wajibu wa kutenda kwa wakati.

Sasa ziwani kwetu. Ile 0.04 ni ya nyangumi na pomboo, msiihamishie kwa fisi maji. Anzeni na daftari la mwalo, pale boti zinaposhushia samaki. Kila safari iandikwe: tarehe, aina ya nyavu na ukubwa wa macho kwa inchi, idadi ya vipande, kina cha maji, saa za kutega na kuopoa, umbali kutoka kwenye matete, na fisi maji walionasa, wazima au wafu. Andikeni pia aina. Mdogo mwenye mabaka shingoni ana kucha na utando miguuni. Yule mkubwa mwenye koo jeupe hana kucha kwenye vidole vya mbele.

Safari ambayo hakuna aliyenasa nayo iandikwe. Bila hizo sifuri hamna hesabu, mna orodha ya misiba tu. Ila sifuri isiwadanganye. Mkifuatilia safari 100 zilizochaguliwa bila upendeleo msione hata mmoja, kiwango halisi bado kinaweza kufika kama 3 kwa kila safari 100. Mwalo wenye safari 10,000 kwa mwaka ungeweza kuua hadi 300 na daftari likaonekana safi.

Majina ya wavuvi yasiingie kwenye daftari, la sivyo wataficha. Mzoga usiuzwe wala kuchunwa. Mwiteni afisa wanyamapori.

Kwenye kikundi wekeni mtafiti wa TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania), kituo cha Mwanza, afisa uvuvi, afisa wanyamapori na wavuvi wawili wanaotega makila hadi leo. Muuza nyavu asikilizwe, lakini asipige kura kuhusu kikomo. Kabla ya kikao cha kwanza, ombeni halmashauri ikubali kwa maandishi kujibu kila pendekezo ndani ya muda uliotajwa, tuseme siku 60, na sababu zake ikikataa. Nanyi andikeni mapendekezo yanayojibika: mita ngapi kutoka kwenye matete, kina gani, miezi ipi, mwalo upi. "Wavuvi wajihadhari" halina jibu.