Mmea wa nyoka unalainika chini, niuwekee mbolea?

SWALI: Habari za kazi. Nilinunua ule mmea wa nyoka mfupi, majani yamejipanga kama ua, nimeuweka sebuleni hapa Dar namwagilia kila asubuhi maana joto ni kali, sasa majani ya chini yamekuwa ya njano na malaini ukigusa tu yanang'oka. Niweke mbolea?
Mama Wawili, Tabata

JIBU: Pole sana Mama Wawili, mbolea achana nayo kabisa kwa sasa. Hayo ni maji mengi. Mmea huu unatunza maji kwenye majani na kwenye shina lililo chini ya udongo, ukiumwagilia kila siku mizizi inaoza. Leo hii utoe, kung'uta udongo, kata kwa kisu kisafi kila kilichooza mpaka ufikie sehemu ngumu, uache ukauke kivulini siku 2 au 3 halafu ndo upande kwenye udongo mpya uliochanganya na mchanga, na chungu kiwe kidogo chenye matundu, hapo kwenye matundu nakusisitiza sana.

Usimwagilie mpaka wiki ipite, na kuanzia hapo chomeka kidole kwanza, ukikuta unyevu hata kidogo acha. Maji yasituame katikati ya majani. Weka karibu na dirisha.

Ukitaka kuuzidisha, na majani ya wako kwa asili yana ukingo wa njano, usipande kipande cha jani, utatoka wa kijani tupu, we gawa machipukizi. Na watoto wasiyatafune majani, yanatapisha.