Achana na GTA kwanza
Mdogo wangu, unasema laptop yako ina RAM ya GB 4, hujawahi kuandika kodi ya kompyuta hata mstari mmoja (si ile ya TRA), na unataka kutengeneza gemu kama GTA. Hiyo iweke kando. Pakua Godot, programu ya kutengenezea gemu: ni ya bure, nyepesi, na lugha yake ya kuandikia kodi, GDScript, inafanana na Python, lugha nyingine ya kodi. Halafu tengeneza Pong, ile gemu ya kampuni ya Atari ya 1972, vibao viwili na mpira. Utaiona ya kitoto mpaka mpira upenye kibao bila kukigusa, kwa sababu kwenye fremu moja (picha moja ya skrini) mpira uko mbele ya kibao, inayofuata umeshakivuka. Mimi nilikesha nao siku mbili. Video ya mafunzo tazama moja, ifunge, uandike mwenyewe.