Kabla hujaomba muda wa nyutroni

Wanafunzi wa maabara hapa Arusha wanaotengeneza chembe za magnetaiti (oksidi ya chuma inayovutwa na sumaku) za kuondolea floraidi kwenye maji huniuliza kama inafaa kuomba muda kwenye mitambo inayopiga sampuli kwa mwale wa nyutroni. Inafaa, tena sana. Ila uende na swali ambalo nyutroni pekee ndiyo italijibu.

Ukubwa wa chembe si swali hilo. Hadubini ya elektroni itakuonyesha kipenyo cha nanomita 12, nayo eksirei itakubali. Hicho ni kipenyo cha umbo; swali la nyutroni ni sehemu gani ya chembe ina usumaku, na ganda lisilo nao lina unene gani. Kwenye ganda la nje atomi za chuma zimekosa majirani upande mmoja, hivyo usumaku wao huelekea ovyo. Ndiyo maana unga wenu ukipimwa huwa chini ya magnetaiti ya kawaida, ambayo hufikia emu 92 hivi kwa gramu (emu ni kipimo cha usumaku). Kwetu sisi tunaokunywa maji ya miamba ya Meru jambo hili ni zito: ganda linalonasa floraidi ndilo hilohilo linalovutwa kidogo na sumaku tunapotaka kuitoa chembe majini.

Nyutroni haina chaji, lakini ina usumaku wake. Hutawanywa na viini vya atomi, na hutawanywa pia na usumaku. Weka sampuli kwenye uga mkali uliokingama na mwale. Usumaku wa chembe ukishajipanga, mtawanyiko wake hutoweka kuelekea uga na kuonekana wazi pembeni, wakati ule wa viini uko sawa pande zote. Ukipata nyutroni zilizopangwa spini, yaani usumaku wao wote umeelekezwa upande mmoja, pima spini juu, kisha chini, utoe moja kwa nyingine. Hata usumaku hafifu hujitokeza hapo.

Kama chembe zimevikwa vazi la kikaboni, kuchanganya maji ya kawaida na maji mazito (yenye hidrojeni nzito) kwa kipimo sahihi hulifanya vazi lisionekane kwa nyutroni.

Chembe zilizogandana zinaharibu yote haya, maana utakuwa unapima mabonge. Sampuli nilizopeleka ISIS, kituo cha nyutroni cha Uingereza, niliziacha kwanza zikae Tengeru wiki kadhaa; zilizotuama sikuzibeba. Muda wenyewe ni siku chache tu, na waombaji ni wengi.

Pakua SasView, ni programu ya bure ya kukokotoa mtawanyiko. Chora mtawanyiko wa ganda lisilo na usumaku lenye unene wa nanomita 0.5, kisha 1. Mistari hiyo miwili ikilingana kwenye eneo mtakalopima, badilisheni sampuli kabla ya kuandika ombi.