Maswali na Majibu: Kiwewe, vidonge vya usingizi, na anayeuguza

Mkiniandikia kuhusu kiwewe, yaani hofu inayomng'ang'ania mtu baada ya tukio la kutisha, tajeni mambo manne: umri wa mgonjwa, tukio lilitokea lini, dawa zote anazomeza, na kama anakunywa pombe. Bila hayo mnataka nipige ramli.

Mume wangu ni dereva wa basi. Alipata ajali wiki tisa zilizopita, majeraha yamepona, lakini usiku anaamka akipiga mayowe na stendi hataki hata kuiona. Duka la dawa walimpa Diazepam, kidonge cha usingizi, ya miligramu 5. Sasa anameza mbili na bado halali. Tuongeze? (Mke wa dereva, Morogoro)

Msiongeze. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2013 unashauri dawa za kundi hili zisitumiwe kutibu dalili za kiwewe katika mwezi wa kwanza, na mwezi ukipita pia si tiba yake. Zinamlaza kwa siku chache, mwili unazizoea, kimoja kinakuwa viwili. Akichanganya na pombe, pumzi inaweza kukata. Aliyemuuzia bila cheti cha daktari amewakosea, na wako wengi.

Ila msizikatishe ghafla pia: ataanza kutetemeka, kukesha, hata kuanguka kama mwenye kifafa. Daktari ampunguzie kidogo kidogo kwa wiki kadhaa.

Katika mwezi wa kwanza wengi hutulia wenyewe. Wiki tisa ni suala jingine. Nendeni kliniki ya afya ya akili ya hospitali ya mkoa. Hamhitaji kusafiri hadi Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma. Tiba yenyewe ni mazungumzo na mtaalamu aliyefunzwa kumrudisha mgonjwa kwenye kumbukumbu ile taratibu, mara nyingi vikao 8 hadi 12. Akiandikiwa sertraline, dawa ya sonona na hofu, kwa kawaida huanza na miligramu 25 au 50 na huchukua wiki 4 hadi 6 kuonyesha kazi. Watu huiacha wiki ya pili wakisema haifai.

Akiamka na mayowe, usimkumbatie wala kumtikisa. Anaweza kukupiga bila kujua ni wewe. Washa taa, simama upande wa miguu, mwite jina, umwambie yuko wapi na ni siku gani. Akae, nyayo zishike sakafu, avute pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa hesabu ya 6. Habari za ndoto zingojee asubuhi, tena kama yeye mwenyewe anataka kuzisema.

Kuhusu stendi: kila anapoikwepa anapata nafuu ya siku moja na hofu inazidi. Arudi kwa hatua, akipangiwa na mtaalamu wake. Shemeji asimburute.

Dawa ya kiwewe ni ipi? (Wengi)

Someni tena mambo manne hapo juu.

Mama alikaa ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, siku kumi na mbili na mashine ya kupumua. Sasa anasema manesi walimfunga kamba wakitaka kumuua. Anachanganyikiwa? (Mombasa)

Huenda ni kumbukumbu za kule. Homa kali, dawa za kulaza na usiku usiojulikana na mchana humfanya mgonjwa mahututi aone mambo, na baadaye anayakumbuka kama yaliyotokea kweli. Usimwambie "uliota", wala usimkubalie. Mweleze: mikono hufungwa bandeji kitandani ili mgonjwa asing'oe mpira wa kooni, pengine hiyo ndiyo kamba. Mwandikieni kwenye daftari, siku kwa siku, nini kilifanyika na nani alikuja kumwona. Akiwa na nguvu, na wodi ikiruhusu, apelekwe akaione. Ila kama anachanganya mambo ya leo, hajui saa wala mahali, hiyo ni dharura: arudi hospitali leo.

Namuuguza kaka yangu aliyeungua. Mimi ndiye ninayemfunga vidonda. Sasa nikisikia harufu ya nyama choma natapika, na kilio chake nakisikia hata akiwa amelala. Ni udhaifu? (Dada mtu, Kisumu)

Si udhaifu. Anayeshuhudia anaweza kupata ugonjwa uleule anaoupata aliyeumia. Kwanza, punguza kilio chenyewe: apewe dawa ya maumivu aliyoandikiwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kufungua bandeji, na iliyoganda ilowanishwe kwa maji safi ya chumvi, isibanduliwe kavu. Pili, kazi ya vidonda igawanywe. Ndugu wanaotuma M-Pesa na ushauri kwa simu waje walale hapo usiku mbili kwa wiki, wewe ulale nyumba nyingine. Hali hiyo ikivuka mwezi, nenda kliniki ukaandikishwe kama mgonjwa. Maswali kama lako ni machache mno kwenye kikapu changu, wakati wanaouguza wako kila nyumba.

Mganga anasema ni majini. (Tanga)

Kisomo hakizuii kliniki. Kumfunga, kumchapa na kumnyima chakula kunamwongezea kiwewe kingine.

Nikimuuliza kama anafikiria kujiua, sitampa wazo? (Hakutaja mji)

Hapana. Muulize kwa maneno hayohayo. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa vidonge na dawa za wadudu ndani ya nyumba, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Na kama unajiulizia mwenyewe, mwambie mtu mmoja sasa hivi akusindikize.