Maswali ya Wasomaji: Shujaa Kwanza au Jeshi Kwanza?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi na mdogo wangu, hapa Mbagala, tumekuwa tukicheza gemu ya kompyuta iitwayo SpellForce: The Order of Dawn kwa miezi miwili. Katika kila ramani tunajenga kambi kubwa na kutoa askari wengi, lakini tukivuka kwenda ramani inayofuata tunajikuta mikono mitupu, na shujaa wetu anauawa na maadui wa kawaida kabisa. Mdogo wangu anasisitiza kwamba nguvu zote ziende kwenye jeshi. Mimi naona tumkuze shujaa. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba. Umekaribia ukweli zaidi ya mdogo wako, ingawa naye usimpuuze. Gemu hii, iliyotengenezwa na kampuni ya Phenomic ya Ujerumani na kutoka mwaka 2003, inaunganisha aina mbili za michezo: ule wa kujenga makazi na kuamuru majeshi bila kupeana zamu, na ule wa kumlea mhusika mmoja anayepata ujuzi, silaha na uchawi kadiri safari inavyoendelea. Ulimwengu wake, Eo, umevunjika vipande vipande vinavyounganishwa na malango, na mtu akipita langoni jeshi lake hubaki nyuma. Anayevuka ni shujaa, pamoja na vifaa vyake, runi (mawe ya kichawi ya kuitia wafanyakazi na mashujaa) alizokusanya na ramani za ujenzi alizozipata njiani. Kwa hiyo jeshi linakufaa kwa vita vya hapo ulipo, ilhali shujaa ni akiba unayokwenda nayo hadi mwisho wa hadithi.

Hapo ndipo ninapodhani mnapoteza. Mkiishi ndani ya kambi mnakosa kazi ndogondogo za wanakijiji, ambazo humpa shujaa uzoefu, na pia mnakosa runi za wafanyakazi na ramani za majengo, ambazo bila hizo kambi ya ramani inayofuata haiwezi kuwa na askari wazuri. Zitafuteni pia runi za mashujaa wasaidizi, kwa kuwa hao huitwa upya kwenye mnara wao katika ramani nyingine na kupigana bega kwa bega na shujaa wenu.

Jambo jingine ni ujuzi. Zipo fani saba: mapigano mepesi, mapigano mazito, silaha za masafa, na uchawi wa aina nne, yaani mweupe, mweusi, wa elementi (moto, barafu na ardhi) na wa akili. Nimeona wachezaji wengi wakigawa pointi kidogo kila mahali, na matokeo yake shujaa hawezi kuvaa deraya nzuri wala kutumia uchawi wa daraja la juu, kwa kuwa kila kimoja kinadai kiwango fulani cha ujuzi. Chagueni fani mbili zinazosaidiana na mzishikilie.

Mdogo wako ana hoja katika jambo moja muhimu: kambi za adui huendelea kutoa askari mpaka majengo yake yabomolewe, na shujaa peke yake hachelewi kuzidiwa. Jengeni ulinzi kwanza, kisha jeshi lisonge mbele likibomoa kambi moja baada ya nyingine, shujaa akiwa nyuma yake kidogo. Na kwa kuwa vita vya namna hii huchukua muda mrefu na umeme wetu hukatika bila taarifa, hifadhini mchezo kabla ya kila shambulio.

SWALI: Je, ninaweza kuanza na SpellForce 3 bila kucheza za mwanzo? Msomaji, Sinza.

JIBU: Unaweza. Ilitoka mwaka 2017, ikatengenezwa na Grimlore Games ya Munich, na hadithi yake inatangulia matukio ya gemu ya kwanza. Hakikisha tu kompyuta yako ina kadi ya picha yenye nguvu, maana ile ya mwaka 2003 inaridhika na mashine dhaifu zaidi.